Kuku wa Dungu la Tatu

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Nawajua. Mnasoma mmesimama, kidole kinatelezesha simu, mnarukia mwisho mjue nani kaolewa na nani kafa. Humu hakuna anayeolewa. Mkirukia mwisho mtaikuta amri niliyoitoa nyumbani kwangu mwaka huu, na mtaona bibi huyu kawa mkali bure. Basi someni kwa mpango. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hati yangu ni nzuri, na hiyo hati nzuri ndiyo iliyoniponza. Nani alimzaa nani, na babu alishuka kutoka kilima gani, hayo waulizeni wanaoyapenda. Mimi nawasimulia mwaka mmoja tu, tangu mto ulipokula mpunga wetu mpaka mpunga ulipoiva tena.

Kilichonirudisha huko ni Tabu. Alikuja kunitazama hapa Kibiti, katoka Nyamisati, kashuka kwenye bodaboda mgongo umepinda kama mundu, mkononi kikapu cha kamba wabichi. Tulikuwa hatujaonana miaka hata sitaki kuihesabu. Nikawapika wale kamba kwa nazi, tukala sinia moja kama tulivyokula tukiwa wasichana. Alipomaliza kunywa maji akasema, "Somoe, wali wako mpaka leo una kiini." Nikamjibu, "Wali hauna kiini, meno ndiyo huna." Tukacheka mpaka mjukuu wangu Zuhura akachungulia dirishani kuona kuna nini. Kicheko kilipoisha, kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini. Lilikuwepo neno nililotaka kumwuliza, nimelibeba miaka mingi, na mzizi wake ni wakati tukiwa na miaka kumi na sita. Siku ile ya kwanza sikuliuliza. Niliogopa jibu.

Wakati huo sisi watu wa bondeni tulikuwa na makazi mawili. Kulikuwa na nyumba ya juu, kijijini kando ya barabara, na kulikuwa na dungu, huko chini mashambani karibu na mto. Dungu ni kibanda kilichosimama juu ya miguu mirefu ya miti, sakafu ya fito, paa la nyasi, unapanda kwa ngazi. Maji yakija yanapita chini yako, nguruwe akija anapita chini yako, na wewe uko juu na chungu chako na mkeka wako. Mpunga ukianza kutoa masuke tunahamia huko, na kazi ni moja, kuamia ndege, yaani kuwapigia kelele wasitue wakala. Unaanza alfajiri unaacha magharibi. Madungu yetu yalikuwa sita, yamejipanga kutoka mtoni kwenda nchi kavu, na kutoka moja hadi jingine ni umbali wa mtu kupaza sauti. La kwanza, la ukingoni kabisa, lilikuwa la Bi Kidawa. La tatu lilikuwa letu, mimi na Tabu.

Wengine waliamia kwa kupiga debe, wengine kwa kombeo. Bi Kidawa aliamia kwa hadithi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, ana pengo mbele, na sauti yake ungedhani ina watu watatu ndani. Alikuwa anasema kipande kimoja kwa nguvu zake zote, ndege wanaruka, halafu dungu la pili linakipokea na kukipaza kwa la tatu, la tatu kwa la nne, hivyo hivyo mpaka la sita, na bonde zima ndege hawana pa kutua. Na kila dungu lilikuwa na haki ya kuongeza kitu kimoja hadithi inapopita. Kimoja tu. Jioni tukikutana kuteka maji tunaambiana nani kaongeza nini, na Bi Kidawa ndiye anayeamua kibaki au kitoke. "Hicho kinakaa," anasema, au, "Hicho kakirudishe ulikokitoa." Lakini mwisho hauongezwi. Mwisho ulikuwa wake, na aliutoa siku moja tu kwa mwaka, siku ya pepeta. Tunavuna mpunga mchanga kidogo, tunaukaanga, tunautwanga ungali moto, tunakusanyika chini ya dungu lake tunakula na nazi, na ndipo tunapewa mwisho. Ambaye hakuamia hapewi. Hata wanaume waliokuja kula pepeta bila kuamia waliambiwa wakachote maji kwanza, wakirudi hadithi imekwisha.

Hadithi ya mwaka ule ilikuwa ya mwanamke aliyeinjika chungu cha wali, akaona chumvi hana, akavuka mto kwa mtumbwi kwenda kuomba kwa jirani ng'ambo. Alipogeuka arudi, mto umehama. Nyie mnaoishi barabarani mnaona ajabu, lakini mto wetu huhama kweli, unalala hapa unaamka pale, unaacha ziwa palipokuwa maji na unakata maji palipokuwa shamba. Basi yule mwanamke kila akivuka anakuta mto mwingine mbele yake, na nyumba yake anaiona kule, moshi unapanda. Miaka inakwenda, anazeeka na chumvi mkononi. Na kila baada ya kipande Bi Kidawa anauliza kwa sauti, "Chungu je?" Na madungu yote sita tunajibu, "Kiko motoni!" Mtaniona mjinga, lakini mpaka leo nikikaa jikoni peke yangu maji yakianza kutokota naisikia ile sauti inauliza kutoka upande wa mto, na mdomo wangu unajibu wenyewe.

Dungu letu liliongeza kuku. Tabu alitaka paka. Tulibishana kutwa nzima, tukasahau na ndege wenyewe, mwisho nikamshinda. Nikapaza kwa dungu la nne kwamba kando ya lile jiko kulikuwa na kuku analalia mayai, na alipoondoka yule mwanamke alimwambia kuku, "Niangalizie." Jioni Bi Kidawa aliposikia alinitazama kitambo, akasema, "Kuku huyo anakaa." Sijawahi kusifiwa hivyo, kabla wala baada. Dungu la nne wao waliongeza mbuzi mwenye kengele, naye alikubaliwa, ila moyoni niliona si lolote mbele ya kuku wangu.

Wiki mbili kabla ya pepeta mto ukaja. Haukuja kwa kishindo kama mnavyoona kwenye simu zenu. Uliingia kimya usiku, asubuhi tukaamka madungu yako juu ya maji na mpunga hauonekani. Yalipopungua, kilichobaki kikaliwa na viboko. Tulishuka tukasimama kwenye tope, mpaka mtoto wa dungu la tano akauliza, "Na hadithi je?" Bi Kidawa alikuwa anakamua khanga yake. Akasema, "Hakuna pepeta, hakuna mwisho. Mwakani, tukijaliwa." Njaa ya mwaka ule nimeisahau. Ile ya mwisho wa hadithi sijaisahau.

Kwa kuwa chakula hakikuwepo nilipelekwa Kibiti kwa mama mdogo, aliyekuwa akipikia wasafiri. Kazi yangu ilikuwa kuosha masufuria na kumpelekea chakula Bwana Shaweji, mpangaji wa chumba cha nyuma ya maduka. Huyu ndiye aliyeitumia hati yangu. Alikuwa mnene, mcheshi, shati jeupe lenye wino kwenye kwapa sijui aliupakaje huko, na alijiita mchapaji na mtangazaji wa elimu. Chumbani mwake mlikuwa na mashine ya kuchapa ya kukanyaga kwa mguu, makopo ya maziwa yaliyojaa herufi za risasi, na vitabu vyembamba vimerundikwa mpaka darini. Mle ndani mlinuka wino, mafuta ya taa na samaki wa jana. Niseme kweli, niliipenda harufu ile kuliko marashi. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na bakuli la kambale mpaka mchuzi ukapoa.

"Unajua kusoma, binti?" akaniuliza.

"Najua."

"Soma hapo."

Nikasoma jalada. Kiliitwa tafsiri ya ndoto, kimeandikwa na sheikh fulani wa visiwani, chapa ya tano. Wino ulinishika kidoleni. Nikasema, "Bwana Shaweji, hii chapa ya tano mbona haijakauka?"

Akacheka mpaka kiti kikalia. "Mtu hagusi kitabu cha chapa ya kwanza, binti yangu. Anaogopa. Ukimwambia cha tano anajua wapo wenzake walionunua kabla yake, naye hataki kuachwa nyuma." Tangu siku ile nikawa sioshi masufuria tu, nakunja karatasi na kushona vitabu vyake kwa sindano ya magunia. Nikajifunza elimu aliyokuwa akiitangaza. Sheikh wa visiwani alikuwa yeye. Daktari wa ng'ambo aliyeandika kitabu cha dawa za miti alikuwa yeye, na cha dawa za miti kilikuwa kile kile cha ndoto kilichokosa wanunuzi, kimevuliwa jalada kikavishwa jingine, ukurasa wa kwanza tu ndio unaotaja mti. Picha alikuwa nayo moja, ya mwanamke anachana nywele. Kwenye kitabu cha mapenzi alikuwa mchumba, kwenye cha homa alikuwa mgonjwa, kwenye cha historia alikuwa malkia. Na kila kitabu alikifunga kwa uzi pande zote kisifunguke kabla hujakinunua. Nilipouliza kwa nini, alisema, "Wewe mtoto wa kike unaniuliza mimi kwa nini mwali hafunuliwi sokoni?"

Chakula cha mchana kilikuwa saa ya kutunga sifa. Mama mdogo anakaa kwenye kizingiti akisubiri bakuli zake, Bwana Shaweji anatafuna, mimi nimeshika kalamu. "Bi mkubwa, nitajie mji wa mbali," anamwambia mama mdogo. "Bukoba," anasema mama mdogo. "Andika, Somoe. Msomaji wa Bukoba anasema, tangu nisome kitabu hiki sijaumwa kichwa. Mwingine?" Mama mdogo anafikiri. "Mpwapwa." "Msomaji wa Mpwapwa anasema, mume wangu amerudi." Mama mdogo akaguna, "Na huyo wa Mpwapwa amwambie huyo mume apitie hapa alipe wali aliokula." Tulicheka, nami nilicheka kuliko wote. Sijifanyi kwamba nilikuwa mtu mwema katikati ya wabaya. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nina kalamu mkononi, na mtu mzima ananiambia hati yangu haina mfano pwani nzima.

Ndipo siku moja, nakunja karatasi, nikawa naisema ile hadithi taratibu kujipunguzia kazi. Mashine ikasimama. Bwana Shaweji akavuta kiti. "Endelea," akasema. Nikaendelea mpaka chumvi, mpaka mto umehama, mpaka "Chungu je?" Akawa anajibu yeye, "Kiko motoni," taratibu, macho kayafumba. Mpaka leo naamini dakika zile hakuwa mwongo. Kisha akafumbua macho. "Iandike," akasema. "Yote. Jina lako nitaliweka juu ya jalada, herufi kubwa." Nikaiandika siku nne, nyuma ya karatasi za mabaki yake, kama nilivyoijua dunguni kwangu. Nikamkabidhi. Akasoma, akageuza karatasi ya mwisho, akaitazama upande wa pili. "Mwisho uko wapi?"

"Sijapewa. Ni mpaka pepeta."

"Pepeta! Wasafiri wa kwenda Lindi wakusubiri wewe upepete? Tunga."

Nilipaswa kukataa hapo. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba mwisho hauongezwi. Lakini nililiona lile jalada. Nikatunga mwisho wa harusi, yule mwanamke anaolewa na sultani wa ng'ambo. Bwana Shaweji akasema vizuri sana, sasa tunga na wa dini, maana wanaume hawanunui harusi. Nikatunga ambao chungu kimeungua kwa kuwa hakusema bismillahi, akatubu. Akasema vizuri sana, na wa wafanyabiashara. Nikatunga ambao anafunua chungu anakuta dhahabu. Nilidhani atachagua mmoja. Hakuchagua. Alichapa yote mitatu, majalada matatu, rangi tatu, majina matatu ya hadithi na majina matatu ya waandishi, sheikh, daktari na mwalimu mstaafu, ili aliyenunua kimoja akisikia mwenzake anasimulia mwisho mwingine arudi anunue cha pili amshinde. Na ndivyo ilivyokuwa. Pale mabasi yalipokuwa yakisimama watu walishikana mashati. "Kaolewa, nimesoma!" "Kaolewa na nani wewe, katubu!" Bwana Shaweji anasimama kando anawasikitikia wote.

Mimi nilimfuata na vile vitabu vitatu mkononi. Nikamwuliza jina langu liko wapi. Tazameni nilichouliza. Sikuuliza jina la Bi Kidawa liko wapi. Nililiuliza langu.

"Jina lako zuri," akaniambia, "lakini nani atanunua kitabu cha Somoe? Subiri uzeeke."

Mpunga ukarudi kutoa masuke, nikarudi bondeni. Vitabu nilivificha chini ya mchele, sikumwambia mtu, hata Tabu. Bi Kidawa alikuwa amekonda ila sauti ni ile ile, na hadithi akaianza upya kutoka kwenye chumvi, kwa sababu, alisema, maji yameifuta. Tulijibu kwa furaha kama watu waliofufuka. Nilijiambia vitabu viko barabarani na sisi tuko bondeni, na bonde halisomi. Kumbe Tabu alikwenda kivukoni Ndundu kuuza mikeka, akarudi na kitabu chenye picha ya mwanamke anachana nywele, akapanda ngazi ya dungu mbio mbio. "Somoe! Wanasema kuna hadithi kama yetu kitabuni! Tusomee!" Bi Kidawa akasikia kule kwake. Akapaza sauti, "Nini hicho?" Madungu yakapokezana mpaka wote wakajua. "Soma," akasema Bi Kidawa. "Soma kwa sauti, na ndege wasikie."

Nikasoma. Ningefanyaje? Nikasoma nimesimama ukingoni mwa dungu, na kwenye kila kipande wanawake walijibu, "Kiko motoni!" Walifurahi, wallahi, walifurahi kujisikia kitabuni. Nikafika kwenye sultani na harusi, ngoma siku saba, na watu wakala wakashiba. Nikafunga kitabu. Ndege walitua mpungani, nikawaona wanatua, hakuna aliyenyanyua mkono.

Kisha Bi Kidawa akauliza, polepole, lakini bonde lilikuwa kimya tukamsikia. "Humo kuku yumo?"

"Yumo," nikasema.

"Na mbuzi mwenye kengele wa dungu la nne?"

Mbuzi hakuwemo. Nilimwacha makusudi, nimewaambia sikumpenda. Madungu yote yakageuka kulitazama dungu la tatu. Tabu alinitazama kwa karibu zaidi, dungu moja, mkeka mmoja, akasema jina langu tu, "Somoe?" Bi Kidawa hakusema jina la mtu. Alisema, "Amieni ndege, mpunga unaliwa."

Wiki iliyofuata nilipata lori mpaka Kibiti. Nilijiambia nikiviondoa vile vitabu barabarani kabla ya pepeta, mwisho utarudi mahali pake. Nikamkuta Bwana Shaweji anafungasha mashine yake kwa magunia. Nikamwomba. Nikapiga magoti, mimi, niliyekuwa sipigi magoti kwa mtu. "Mwenye hadithi amejua," nikamwambia. "Hatatupa mwisho."

"Mwenye hadithi!" akasema. "Hadithi ina mwenyewe? Ni maji ya mto, nimechota kata yangu. Na mwisho gani tena unaoutaka, binti, wakati ninao mitatu, na wa nne uko njiani?" Akanipapasa kichwa kwa mkono wa wino. "Vimeshavuka kivuko. Havirudi." Nikatoka. Mama mdogo akaniita ninywe chai, akanipa vitumbua viwili vya moto vimefungwa kwenye karatasi, na karatasi ile ilikuwa na hati yangu, ile niliyoiandika siku nne. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye mstari wa kuku. Nikala vitumbua, maana nilikuwa na njaa, nikaikunja karatasi nikaisokomeza kiunoni.

Siku ya pepeta tulikuja madungu yote sita, na madungu mengine ya mbali walikuja, na watu wa kijiji cha juu waliosikia ubishi wa vitabu, mmoja na sultani wake, mmoja na dhahabu yake, wanataka waamuliwe. Tulikaanga, tukatwanga, michi inapokezana. Nilikuwa nimejiwekea tumaini kwamba hasira yake itaishia kwangu, atanifukuza mimi, kisha atawapa wenzangu, nami nitakaa nyuma ya mpunga nisikie. Bi Kidawa alichukua pepeta kwa vidole vitatu, akala, akasema nazi imetosha. Watu wakasogea. Akauliza, "Chungu je?"

"Kiko motoni!"

Akatutazama, mmoja baada ya mmoja, na mimi alinitazama sawa na wengine, hakuzidisha wala hakupunguza. "Mnayo miisho mitatu," akasema. "Nikiusema wangu leo utakuwa wa nne. Mtabishana nao njiani kama mnavyobishana na hiyo mingine. Kuleni."

Ndiyo yote. Tabu alilia. Wazee walimsihi. Mtu mmoja wa kijiji cha juu akasema labda hana mwisho wowote, akaambiwa akachote maji. Tulikula pepeta ile mpaka ikaisha, na tangu siku ile sijala chakula kizuri kisichokuwa na ladha yake, kitamu na kina kitu kimepungua.

Niliomba radhi. Mwaka uliofuata niliamia shamba lake kabla ya letu, na wa kufuatia, mpaka nilipoolewa huku juu. Alizungumza nami vizuri, tulikula pamoja, alinifundisha kusuka mkeka wa miraba. Hadithi nyingine alisimulia, na miisho yake alitupa. Hiyo ya chungu hakuigusa tena. Uzee ulipomkuta alihamia Nyamisati kwa mwanawe, na Tabu alikuwa ameolewa huko huko. Habari za kufa kwake nilizipata baada ya arobaini kupita. Sasa mnajua neno nililotaka kumwuliza Tabu. Nilikuwa nimeamini miaka yote hii kwamba Tabu kaambiwa. Aliyemuuguza ni yeye, na makosa hakuwa nayo. Mwisho ulikuwa hai duniani, uko Nyamisati, unakula kamba.

Nililiuliza siku ya tatu, tunachambua mchele. "Tabu, alikwambia?"

Akaacha ungo. "Mimi nilidhani kakwambia wewe. Ile miaka uliyoamia shamba lake."

Tukatazamana. Jikoni kitu kilikuwa kinatokota, hakuna aliyeinuka.

"Ila aliniachia salamu zako," akasema. "Siku za mwisho, nilimwuliza hadithi, akasema, mwambie Somoe kuku wake bado analalia."

"Tabu! Na miaka yote hii ukasahau?"

"Sikusahau, shoga. Nilikununia." Akachukua ungo, akapepeta kidogo, akauweka tena. "Mimi nilitaka paka."

Nililia kwa ajili ya yule kuku kama vile ni mtoto wangu. Bi Kidawa alikuwa amemwacha ndani. Alichukua mwisho wake akaenda nao, lakini kuku wangu hakumtoa.

Sasa mjukuu wangu Zuhura ana duka lake hapa Kibiti, ana kompyuta na mashine ya kuchapa isiyokanyagwa. Alisikia yote kupitia dirishani, maana hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Akaja na simu. "Bibi, tukitoe kitabu! Watu watakipenda. Ila watataka mwisho. Weka wowote tu, nani atajua?" Tabu alikuwepo, na wajukuu wote walikuwepo, tunakula pepeta waliyoniletea kutoka bondeni. Nikaweka bakuli chini, nikawaambia hivi, na nimeandika hapa asije mtu akasema hakusikia.

"Zuhura, utaandika mpaka yule mwanamke amezeeka mtoni na chumvi mkononi, na hapo utaacha. Juu ya jalada utaweka Bi Kidawa wa dungu la kwanza, na hakuna jina jingine juu. Mbuzi mwenye kengele mrudishe. Kuku analalia, mayai yake yasianguliwe na mtu. Katika nyumba hii atakayeulizwa 'Chungu je?' atajibu 'Kiko motoni' na atafunga mdomo wake, leo, na nikiwa kaburini. Anayetaka mwisho ashuke bondeni akaamie ndege. Sasa niongezeeni nazi, na mumtafutie Tabu paka."